Unatunga na unataka kuandika kuhusu muziki? Ngoja nikusimulie

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, eti mwalimu mimi natunga, sasa nataka nianze na kuandika kuhusu muziki wa klasiki, nianzie wapi? Aisee, kanigusa kwenye kidonda.

Miaka ile nilikuwa mkali balaa. Kuna kwateti ya nyuzi, yaani kundi la wapigaji wanne wa fidla na jamaa zake, niliiponda, nikaandika kwamba mpiga vayola wao (ile fidla kubwa kidogo) anapiga kama mtu anayesaga meno usingizini, watu wakacheka wakasambaza, nami nikajiona ndo nishafika. Haukupita muda kwateti yangu mwenyewe, kazi niliyowatungia wapigaji wanne kama hao, ikapangiwa mazoezi, naingia chumbani namkuta nani? Yule yule wa vayola! Hakusema kitu. Kafika ukurasa wa tatu, kachomoa penseli, kazungushia nota moja, kanigeuzia karatasi nione. Nota yenyewe ni ile inayoitwa Si, ya chini. Na uzi mnene wa vayola kwa chini unaishia nota ya Do, iliyo juu ya hiyo, yaani hiyo Si yangu kwenye chombo haipo kabisa. Wenzake watatu wameinama wanajifanya wanakaza pinde. Mpaka leo nikikumbuka ile penseli masikio yanawaka.

Na sikuwa wa kwanza. Mtunzi Hugo Wolf alikuwa mhakiki wa gazeti huko Vienna 1884 mpaka 1887, akamponda mtunzi mwenzake Brahms hadi basi, matokeo yake kwateti yake ikakataliwa hapo hapo mjini, na 1886 kazi yake ya okestra, Penthesilea, ilipojaribiwa mazoezini okestra ikaangua kicheko. Unaona mambo hayo?

Sasa mtazame Schumann, naye mtunzi aliyekuwa mhakiki. 1835 anaandika kuhusu simfoni ya Berlioz, ile Symphonie fantastique, nota za okestra hana, ana zile za piano alizozitengeneza Liszt, lakini jamaa kaichambua kipande kwa kipande. Basi ushauri wangu ndo huo, soma nota kwanza. Usiandike kwa kusikia mara moja halafu unamtafutia mtu utani, soma nota. Nyie vijana mnapenda sana kumaliza watu kwa sentensi moja, na mtunzi mwenzako kesho ndo atakayeshika karatasi zako, nota jamani, nota!

(Ile kwateti niliirekebisha, mwezi uliopita imepigwa tena na watu wamesimama kupiga makofi. Nilitaka tu mjue.)

Wewe kijana, anza na kazi yako mwenyewe ya mwaka jana, ile unayoringia. Ihakiki kama ya adui yako, ukimaliza nitumie.