Mama fua wako amebomolewa: kabla hujanunua blanketi, soma hapa

Dada, swali lako nimelisoma jana usiku na limenikalia. Umesema mama fua wako ana watoto watatu, alikuwa akikaa kando ya mto Mathare hapa Nairobi, maji yakaingia, na waliosalimika wakaambiwa wahame. Una shilingi 15,000. Unauliza umnunulie magodoro na blanketi, umchukue akae kwako Umoja hadi ajipange, au umtumie pesa kwa simu ajue mwenyewe. Wengi hapo juu wamekujibu kwamba Mungu atakulipa, na mmoja akaandika kuwa watu wa kando ya mto wamejitakia. Huyo nitamfikia.

Jibu langu: mtafutie chumba chenye mlango unaofungwa, mlipe wewe mwenyewe mwenye ploti, yaani mwenye vyumba vya kupanga, na iwe wiki hii. Blanketi atapata tu. Sasa niruhusu nieleze kwa nini nasema hivyo, maana haya yamenikuta.

Mimi ni fundi wa nguo. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 nilikuwa nimelala Mathare, chumba cha futi kumi kwa kumi, mabati juu na pembeni, kama hatua arobaini hivi kutoka mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na tulishaizoea. Niliamka nikashusha mguu kutafuta ndala, nikakuta maji ya goti. Tulipotoka nje yalikuwa yamefika kiunoni. Mke wangu alimfunga mdogo mgongoni, mimi nikambeba wa pili, mkubwa akashika mkia wa shati langu, tukapanda ngazi za jengo la mawe la jirani na kukaa pale hadi kukapambazuka. Gizani chini yetu watu walikuwa wakiitana majina. Wengine hawakuitika.

Cherehani yangu niliipata siku ya pili, imelala ubavu chini ya tope. Meza ilikuwa imekwenda na maji, kikabaki kichwa tu. Nilikaa nayo kibarazani kwa mtu nikiisugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, gia moja moja, tope linatoka kama uji wa wimbi, na kesho yake nikifungua tena nakuta tope jingine. Siku nne. Ilipozunguka nilishukuru kuliko nilivyoshukuru kwa chakula. Fundi bila cherehani ni mtu mwenye futi shingoni tu.

Tulilala darasani, shule moja ya karibu, familia kumi na kitu chumba kimoja. Na hapa ndipo nataka unisikilize. Msaada ulikuja, siwezi kusema uongo. Watu wa makanisa na misikiti walikuja, wanafunzi wa chuo walikuja, mama mmoja wa Eastleigh alileta sufuria ya wali siku tano mfululizo na hakutaka hata kupigwa picha. Mimi peke yangu nilipokea blanketi nne. Nne! Sikuwa na pa kuziweka. Mchana ukitoka kutafuta kibarua lazima mtu abaki kulinda virago, kwa hiyo mke wangu alikaa pale kama askari wa blanketi wiki mbili nzima, na alikuwa na kazi ya kuuza mboga. Mwishowe niliuza mbili soko la Gikomba, shilingi 200 kila moja, nikalipa mkokoteni. Aliyezitoa akisoma hapa anisamehe. Zilinifaa, ila si kwa namna aliyodhani.

Shule zilikuwa zimeahirisha kufungua kwa ajili ya mafuriko. Zilipofunguliwa tarehe 13 Mei, madarasa yakatakiwa. Hakuna aliyetufukuza kwa ubaya, watoto walihitaji madawati yao. Lakini wewe fikiria: siku ishirini za huruma zimekwisha, na bado huna mlango.

Wakati huo huo tingatinga zilikuwa zimeshaanza kazi. Serikali iliagiza watu waondoke kando ya mito, mita 30, kwa hiyo hata aliyeachwa na maji alibomolewa. Rais alipofika Mathare mwezi huo aliahidi kila kaya shilingi 10,000 ya kujisitiri. Pesa hiyo si ya kudharau, lakini sikiliza hesabu ya mtaani. Chumba cha mabati nilichokuwa nakipanga kwa 2,500, chenzake upande wa juu wa barabara kiliulizwa 4,500 wiki ile ile. Mabati yale yale, choo kile kile cha ploti nzima. Dipoziti mwezi mmoja, na wengine miwili. Ndiyo maana nasema janga huja na watoto wake. Maji hayakunivunja kama kodi ilivyonivunja.

Na dalali. Kuna kijana alinionyesha chumba safi, akanipa bei ya kirafiki, nikamtumia 3,000 kwa simu kwa sababu nilikuwa nimechoka kuonwa mzigo. Nilipofika na mkokoteni nikakuta wenzangu wawili mlangoni, kila mmoja na ujumbe wake wa malipo kwenye simu. Tulicheka kwanza, kisha yule mama aliyekuwa na mtoto mchanga akaanza kulia na sisi tukanyamaza. Simu ya kijana haikupatikana tena.

Ndiyo sababu nakwambia usimtumie mama fua pesa halafu umwache sokoni peke yake. Si kwamba hana akili, anakushinda hesabu, niamini. Ila mtu aliyelala wiki mbili bila kufumba macho hukubali chumba chochote. Nenda naye. Wewe una kichwa kilichotulia, na landilodi akikuona umesimama pale anafikiri mara mbili.

Mkifika, angalieni jengo kabla ya bei. Mtaa wa Huruma, Aprili 2016, ghorofa iliyojengwa kando ya mto ilianguka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 50. Ilikuwa imejengwa bila idhini na ilishaonekana haifai kukaliwa, lakini wapangaji walikuwamo na kodi ilikuwa ikilipwa. Tazameni nguzo za chini, nyufa zinazopita kona hadi kona, ukuta unaolia maji. Ukiona alama ya X nyekundu, ile ya jengo lisilofaa kukaliwa, hata kama imepakwa rangi juu na unaiona kwa mbali tu, geuka. Ulizeni pia waliokaa pale maji hufika wapi mvua ikizidi. Usimuulize msimamizi wa ploti, muulize anayeuza mandazi mlangoni.

Mkipata, lipa miezi miwili pamoja na dipoziti kama pesa inatosha. Hapo ndipo 15,000 yako inakuwa na maana. Mwezi mmoja haumtoshi, maana ule wa kwanza wote ataumaliza akitafuta vitambulisho vilivyopotea na kuwarudisha watoto shule. Risiti iandikwe jina lake, si lako. Hili watu hulisahau, halafu mfadhili akihama mtaa mama anaonekana mgeni kwenye chumba chake mwenyewe. Na mnunulie kufuli nzuri, maana ploti nyingi kufuli unakuja na yako. Sisi tulipopata chumba Kariobangi, mke wangu alifunga mlango, akatoka nje, akavuta kufuli, akafungua tena, akafunga tena. Siku hiyo hiyo alirudi kuuza mboga.

Kuhusu kumchukua kwako: moyo wako ni mzuri, lakini nasema nikiwa nimekuwa huyo mgeni. Tulipotoka shuleni tulikaa Kayole kwa shemeji yangu siku kumi na tisa. Shemeji ni mtu wa watu, hakusema neno. Lakini maji ya kununua ni maji ya kununua. Wiki ya pili nilimsikia mwanangu wa kati akimfundisha mdogo wake asimwage maji chooni mpaka wote watatu wamalize haja. Hakuambiwa na mtu. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameshajifunza kuhesabu uso wa mwenye nyumba. Ukimchukua mama fua, basi semeni tarehe ya kuondoka tangu siku ya kwanza, ukiwa tayari unalipia chumba. Bila tarehe, anaishi akikusoma uso kila asubuhi. Na atakufulia bure, dada, hata ukikataa. Hapo ajira yake inakwisha na anageuka kitu kingine ambacho hakina jina zuri.

Sasa wewe uliyesema wamejitakia. Kaka, mama fua anakwenda kazini kwa miguu. Wengi hukaa kona asubuhi wakisubiri kuitwa, siku anaitwa, siku haitwi. Ukimpeleka Ruai kwenye kodi nafuu, nauli ya matatu inamla kabla hajagusa sabuni. Anakaa mtoni kwa sababu mto uko karibu na nguo chafu za watu kama sisi. Na Mathare karibu wote ni wapangaji. Aliyejenga pale mtoni hakai pale. Wangu alikuwa akituma kijana tarehe tano kila mwezi, na kwa miaka sita niliyokaa sikuwahi kumwona mwenyewe. Siku ya kwanza kumwona ni siku tingatinga iliposikika inakuja. Alifika na vijana na lori, wakang'oa mabati na mbao zake harakaharaka, sisi tukiwa bado tunatoa sufuria. Mabati yalipata gari, wanangu walitembea. Nikamuuliza dipoziti yangu. Akasema iko ndani ya nyumba, nyumba imekwisha.

Kuna aliyeuliza pia habari ya sheria. Iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya makazi yanayofaa, na tangu 2016 sheria ya ardhi inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwafurusha watu. Kesi ya kuijua ni ya Mitumba, kile kijiji cha karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilichobomolewa Novemba 2011. Wakazi walishinda Mahakama Kuu 2013, wakashindwa Rufaa 2016, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba hata asiye na hatimiliki anaweza kuwa na haki ya makazi kwenye ardhi ya umma. Uamuzi mzuri sana. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku ya ubomoaji alikuwa na kumi na minne uliposomwa. Na mwaka huo huo, Novemba, tingatinga ziliingia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na watu wakakaa kwenye mahema juu ya kifusi cha nyumba zao. Kwa hiyo ndiyo, mwambie ajiunge na wenzake, jina lake liwe kwenye kesi na kwenye kikao. Chumba kitangulie.

Orodha nayo. Kila msaada mkubwa hupitia orodha, na orodha ina wenyewe. Ya kwetu, ya magodoro na unga, ilikuwa na majina ambayo hakuna mtu pale darasani aliyewahi kuyasikia, na familia moja ya watu wanne ikaandikwa mara tatu kwa majina ya ukoo. Unga uliisha kabla ya kufika herufi yangu. Sitamtaja mtu, tunaonana naye sokoni. Mama fua wako ajiandikishe kila anapoitwa, apige picha ya ukurasa wenye jina lake, na akuachie wewe nakala. Akiwa na picha mkononi huwa hawamrukii kirahisi. Kitambulisho kikipotea aanze na ripoti ya polisi.

Vitu vidogo ambavyo hakuna anayekumbuka kutoa: jiko na debe la makaa, mtungi wa maji wa lita ishirini wenye kifuniko, ndoo mbili za kufulia (ndizo zana zake!), pedi, na tokeni kidogo za stima (umeme wa kulipia kabla) ili usiku wa kwanza usiwe wa giza. Godoro moja la kutosha watatu kulala kwa upana. Blanketi, kama una zako za zamani, sawa.

Halafu sare. Umesema wawili wako shule ya msingi. Nunua kitambaa, nitumie faraghani rangi ya shule na vipimo: bega, kifua, urefu wa mkono, na kwa suruali kiuno na urefu. Ongeza inchi mbili kwenye urefu, watoto hao watakua, nitazikunjia ndani. Nashona bure, nipo Kariobangi Kaskazini kila siku isipokuwa Jumapili. Sweta sishoni, za kwangu huwa zinatoka mkono mmoja mrefu.