Umeandika mbio, sasa tusomee

Maswali ya safari hii yote ni ya hatimkato, yaani kuandika maneno ya msemaji kwa alama fupi za haraka, kazi iliyonilisha mimi na wanangu hapa Kampala miaka mingi kabla sijaanza kuifundisha. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Mwalimu, nasomea ukatibu Mbale. Kaka yangu anasema najichosha bure, siku hizi simu inarekodi kila kitu. Nimjibuje?

Mwambie arekodi kikao cha saa moja, kisha akae akichape. Usiku utamkuta bado yuko mezani, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Simu hunasa yote: kikohozi, honi ya boda boda, mzee anayerudia jambo lilelile mara nne. Mwenye hatimkato hutoka chumbani na kurasa chache ambazo kichwa chake kimeshazipembua. Na viko vikao ambavyo simu huachwa mlangoni.

Lakini nisikudanganye, mwanangu. Hapa Uganda nafasi za kuandika hatimkato peke yake zimepungua sana. Ichukue kama ujuzi wa kuongezea juu ya kompyuta. Majirani zetu Tanzania ndio walioishikilia zaidi: matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini yamekuwa yakitaka mtu aliyefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika.

Nasikia kuna mifumo ya hatimkato ya Pitman, Gregg na Teeline. Nianze na ipi? (Karani, Jinja)

Anza na ile yenye mtu wa kukufundisha. Kwa huku kwetu mtu huyo mara nyingi ni wa Pitman. Isaac Pitman aliitoa Uingereza mwaka 1837, na werevu wake uko kwenye unene: sauti zinazofanana hupewa mchoro mmoja, mwembamba kwa p na mnene kwa b. Vivyo hivyo t na d, k na g, f na v. Ndiyo maana tunashika penseli laini, kwa kuwa biki haijui kunenepa.

Gregg ilitoka mwaka 1888. Yenyewe haina habari ya unene, hutenganisha kwa urefu, t fupi na d ndefu, na irabu huingia ndani ya neno kama viduara na vikulabu. Teeline ni ya 1968, imetokana na herufi za kawaida zilizokatwakatwa, na hupendwa na waandishi wa habari wa Uingereza. Huiva mapema kuliko hizo mbili. Mimi ni wa Pitman, kwa hiyo yote yanayofuata yana harufu ya Pitman.

Nimefikia maneno 80 kwa dakika, ila kesho yake siwezi kusoma nilichoandika mwenyewe. Nifanye nini? (Sekretari, Arua)

Basi hujafikia 80, dada yangu. Mkono umefika, wewe bado uko njiani. Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote, na kosa naliona ni letu walimu: tunashika saa, tunahesabu maneno, tunapiga makofi, halafu hatumwambii mwanafunzi asimame asome.

Ngoja nikuambie yaliyonipata. Nikiwa bado binti, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, niliandika muhtasari wa kikao. Nilikuwa na uvivu wa kuiandika h kwa kinukta tu badala ya mchoro wake kamili, na siku hiyo nilivyokimbizwa hata kinukta nikakiacha. Mwenyekiti alisema wakala wa Tororo “hakufika”. Kwenye daftari ilibaki k, f, k, bila irabu. Siku mbili baadaye nilipokaa kuchapa nikasoma “akafika”. Muhtasari ukatoka ukisema wakala alifika, na akadaiwa maelezo ya mambo yaliyoamuliwa akiwa kwao amelala. Bosi hakupiga kelele. Aliniwekea daftari mezani akasema, “Soma.” Sikuweza.

Tangu siku hiyo sijawahi kuandika ukurasa nisiousoma. Fanya hivi: rudi kwenye 60, na usione haya. Tafuta mtu wa kukusomea imla ya dakika tano. Katika makala atakayokusomea weka mkwaju (alama hii: /) kila baada ya maneno 15; msomaji aangalie saa ili afike kwenye mkwaju kila sekunde 15. (Ukipanda hadi 80, mkwaju uwe kila baada ya maneno 20.) Ukimaliza, isome kwa sauti papo hapo. Kisha funga daftari, na kesho yake kabla ya chai isome tena. Siku ya tatu ichape. Neno lililokukwamisha siku ya tatu ndilo ugonjwa wako: liandike vizuri mistari miwili mizima, kisha lirudishe kwenye imla inayofuata.

Jambo jingine: soma hatimkato safi ya mtu mwingine kila siku, hata ukurasa mmoja wa kitabu cha mazoezi. Mtoto husoma kwanza vitabu vya wenzake ndipo aandike insha. Sisi kwenye hatimkato tunampa penseli siku ya kwanza na kumwambia kimbia.

Kwa Kiingereza naandika 100, kwa Kiswahili napotea kabisa. Kuna siri gani? (Afisa utawala, Kampala)

Swali zuri, hasa tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022. Kwanza hesabu yenyewe inakuonea. Chukua “hawakutuambia”. Ni neno moja, silabi saba. Mwingereza angesema hayo kwa maneno matano mafupi, kila moja silabi moja. Kwa hiyo 60 ya Kiswahili si aibu kwa mtu wa 100 ya Kiingereza.

Pili, irabu. Tukikimbia tunaziacha, na Kiswahili kinaishi kwa irabu. Hapo ndipo mahali pa kuandikia panapookoa. Kwa kanuni ya Pitman, irabu ya kwanza ndiyo huamua umbo likae wapi: “pata” huelea juu ya mstari, “peta” hukaa kwenye mstari, “pita” huukata mstari. Umbo ni lilelile, maneno matatu. Lakini “bibi” na “bubu” yote mawili hukata mstari, na hapo hakuna njia ila kuweka alama ya irabu: nukta kwa i, kistari kwa u. Usipoiweka, siku moja utamwandikia mke wa mwenyekiti kwamba ni bubu.

Tatu, ngeli. Hili wanafunzi wangu wengi hawalioni mpaka nilionyeshe. Jumba na chumba hutofautiana kwa unene tu, na penseli ikiwa butu hujui ni lipi. Tazama neno linalofuata. Kama ni “lipangishwe”, ni jumba. Kama ni “kipangishwe”, ni chumba. Kwa hiyo viambishi usivichezee. Ukilazimika kuacha kitu, acha irabu ya katikati ya neno refu ambalo halina mwenzake, si li wala ki.

Bosi wangu huchanganya l na r anaposema. Niandike nilichosikia au alichokusudia? (Sekretari, Masaka)

Nimecheka, maana nimefanya kazi na wengi wa namna hiyo, na mimi mwenyewe nikichoka ulimi hunirudisha nyumbani. Pitman ina michoro tofauti ya l na r, basi chagua. Akisema wajumbe “walipiga kula”, andika kura. Hakuna mjumbe anayepiga kula, ingawa chakula cha mkutano tunakijua. Pasipo uhakika, andika ulichosikia, kizungushie duara, na mwisho wa imla uliza: “Mzee, hapa ni mahali au mahari?” Akikasirika, atakuwa amekasirika kidogo kuliko atakavyokasirika barua ikishatumwa.

Natumia mkono wa kushoto. Nitaweza? (Mwanafunzi, Gulu)

Ndiyo. Pindisha daftari kidogo, nunua lile lenye waya juu badala ya ubavuni, na uchonge penseli mara kwa mara. Unene utasumbua kwenye mistari inayoegemea upande mmoja. Wa kulia nao wana yao.

Daftari likijaa nilitupe? (Karani, Busia)

Usitupe. Andika tarehe juu ya kila ukurasa, piga mstari mmoja wa kukata juu ya kilichokwisha kuchapwa, na juu ya jalada weka tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kisha lifungie kabatini. Muhtasari ukibishaniwa baada ya miezi, daftari ndilo litakaloitwa, na wewe nyuma yake.

Nina miaka 46. Nimechelewa? (Mama wa watoto wanne, Entebbe)

Hapana, mama. Lakini pima macho kwanza. Nukta nzito na nukta nyepesi ni irabu mbili tofauti, na mimi nilikuja kugundua kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nikizisoma zote nyepesi.