Baraza la Bi Muuguzi: Mama ana kisukari, na Ramadhani inakaribia

*Shikamoo Bi Muuguzi. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa tisa anaishi na kisukari. Anameza metformin na glibenclamide. Ramadhani iliyopita, siku ya 19, alianguka jikoni baada ya Alasiri akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Alikuwa amelowa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoshikana. Nikamnywesha maji ya sukari. Alipopata nguvu akalia, akasema nimemharibia funga yake, na siku mbili hakusema nami. Mwaka huu ameniambia mapema: "Nimefunga tangu sijavunja ungo, siachi kwa ajili ya vidonge." Daktari hajui lolote, maana mama akiulizwa hujibu kwamba hafungi. Nifanye nini nisimkosee mama wala Mwenyezi Mungu?*
*Binti, Chumbageni, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Kwanza uwe na amani na siku ile, ulifanya sawasawa. Jasho, kutetemeka na maneno yasiyoshikana ni dalili za sukari iliyoshuka, na ubongo hauwezi kukaa muda mrefu bila sukari. Kwa kuwa alikuwa bado anameza, maji yale ndiyo yaliyokuwa dawa yake. Ukimkuta siku hajitambui kabisa, usimtie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Kilichomwangusha nakijua, kwa kuwa nimekiona mara nyingi. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Akiimeza wakati wa daku, inaendelea kusukuma mchana kutwa na tumbo tupu. Ini lina sukari ya akiba na humpa kidogo kidogo, lakini akiba hiyo inazidi kupungua jua likielekea magharibi, na mama yako saa hiyo yupo jikoni anakuna nazi karibu na moto. Metformin haisukumi hivyo, na mara nyingi yenyewe haimshushi mtu sukari kiasi cha kumwangusha.

Wala hayuko peke yake. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti katika nchi 13, Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari. Katika wenye kisukari cha aina ya mama yako, aina ya pili, 79 katika kila 100 walifunga siku 15 au zaidi. Kushuka sukari kwa kiwango cha kulazwa hospitali kuliongezeka mwezi ule zaidi ya mara saba. Kwa hiyo mganga anayewaambia wagonjwa wake "msifunge" akadhani amemaliza kazi, hajawajua wagonjwa wake.

Lililonigusa zaidi katika barua yako ni lile jibu analompa daktari. Nimekaa kliniki ya kisukari miaka 22 kabla ya kustaafu, na nasema kwa uchungu kwamba sisi wauguzi tuliwafundisha watu jibu hilo. Mama wa watu akisema anafunga, tulimkaripia mbele ya foleni nzima. Mwaka wa pili akija, anasema hafungi. Tunaandika kwenye kadi, tunampa dawa zilezile kwa saa zilezile, anakwenda kuzimeza daku. Angekuwa ametuambia kweli, tungemrekebishia dozi.

Hata nyumbani kwetu ilikuwa hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, akajua ana kisukari akiwa na miaka 57. Mimi nimevaa sare nyeupe, na kila Ramadhani nagombana naye. Nilimsomea habari za figo, za macho, za miguu, naye ananisikiliza huku anapiga randa, halafu anafunga. Aliyemgeuza ni mwalimu wake wa chuoni, mzee aliyemfundisha alifu-bee-tee. Alikuja siku moja akaketi barazani, akamsomea Suratul Baqara aya ya 184, ile inayomruhusu mgonjwa na msafiri wasifunge. Kisha akamwuliza: "Anayekuruhusu ni Mola wako. Wewe unamkatalia nani?" Baba alinyamaza muda mrefu. Kwa vile maradhi yake hayakuwa ya kutarajia kupona ili alipe siku baadaye, mwalimu akamweleza fidya, kumlisha maskini kwa kila siku. Mwaka ule baba alipima vibaba 30 vya mchele kwa mkono wake mwenyewe, akaupeleka nyumba ya mjane mmoja mtaa wa pili. Nilimwona anarudi na kikapu kitupu, anatembea kama mtu aliyetoka kuswali Idi.

Ndiyo maana nakwambia usianze na daktari, wala usianze wewe. Mtafute mtu ambaye mama anamwamini katika dini yake, awe shehe wa msikiti wenu au mwalimu wake wa kike wa darasa la Alhamisi. Mweleze yote, hata kuanguka kwa siku ya 19, na umwombe aje nyumbani. Kiasi cha fidya na namna ya kuitoa yeye ndiye atakayewaelekeza.

Baada ya hapo nendeni kliniki wote wawili, Rajabu isiishe. Msingoje mwezi uandame. Mwambieni daktari kweli. Huenda akasema kwa hali yake asifunge kabisa, hasa kwa kuwa ameshaanguka mara moja. Huenda, akimpima figo na sukari ya miezi mitatu, akaona anaweza kujaribu, na hapo atambadilishia glibenclamide kwa dawa isiyo kali kwa mfungaji, gliclazide ikiwa mojawapo, na kuzipanga upya saa za metformin ziwe futari na daku. Msizipange wenyewe nyumbani. Nimeona watu wakikusanya dozi ya kutwa nzima wakaimeza Magharibi kwa mkupuo mmoja.

Akiruhusiwa kujaribu, nunueni mashine ya kupimia sukari. Kuchoma kidole hakubatilishi funga. Mashehe wengi wamelisema hilo, lakini na amsikie shehe wake mwenyewe akilisema. Apime asubuhi, adhuhuri, Alasiri, na wakati wowote akihisi vibaya. Ikisoma chini ya 3.9 (yaani 70 kwa mashine za miligramu), anafungua papo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana. Ikipita 16.6 (yaani 300), anafungua pia. Makubaliano hayo yafanywe mbele ya shehe kabla ya mwezi, ili siku ikifika usiwe wewe uliyemharibia funga.

Na futari. Hapa ndipo penye kazi, maana sisi watu wa pwani tunafuturu sukari juu ya sukari. Sinia moja lina kaimati zilizolala kwenye shira, tambi za sukari, viazi vitamu vya nazi, muhogo, na jagi la juisi pembeni. Aliyeshuka mchana anapaa usiku, akiamka daku hana hamu ya kula, na kesho yake anashuka tena. Simwambii mtu aache futari ya kwao. Afungue kwa maji na tende moja au mbili, anywe uji wa pilipili manga usiotiwa sukari, kisha achague kimoja: muhogo, au kiazi, au tambi, pamoja na samaki na mboga za majani. Kaimati mbili akizitamani, basi ziwe mbili, na shira ichujike. Daku aicheleweshe hadi karibu na Alfajiri, kama sunna inavyotaka. Katika hilo sunna na kliniki zinasema neno moja. Ale maharage, samaki, ugali wa dona, asilale na kikombe cha chai na mkate mweupe. Tarawehe aende, kusimama na kurukuu kule ni mazoezi mazuri, ila awe na maji na peremende mfukoni.

Nikuongezee jambo moja. Mwaka juzi nilimwomba imamu wa mtaa wetu dakika tano baada ya swala ya Ijumaa. Alisema mwenyewe, kwa maneno yake, kwamba mgonjwa amwulize daktari kabla ya mwezi. Jumatatu yake walikuja kliniki wazee wa kiume 11, kila mmoja na dawa zake ndani ya mfuko wa rambo, wengine hawakuwa wamekanyaga pale mwaka mzima. Mabango yetu ya ukutani hayakuwahi kuwaleta wazee hao.

*Bi Muuguzi, mimi ni kondakta wa matatu, navuta sigara kama 15 kwa siku. Ramadhani nashika kutwa, lakini adhana ikilia naanza na sigara kabla ya tende. Mke wangu anadhani niliacha. Naweza kuacha kweli?*
*Msomaji, Likoni*

Unaweza, mwanangu, na sehemu ngumu unaifanya kila siku bila kujihesabia. Takriban saa 12 baada ya sigara ya mwisho, ile hewa ya sumu ya moshi huwa imeshatoka kwenye damu yako. Kila Magharibi unafika damu ikiwa safi, kisha unaichafua kabla hujala. Anza kwa kuisogeza: tende, maji, swala, chakula, ndipo ujiulize kama bado unaitaka. Mwili hudai kwa ukali siku tatu za mwanzo, baadaye hulegea. Ila mwambie mkeo leo. Mtu anayevuta kwa kujificha hana wa kumshika mkono siku ya tatu.

*Shikamoo mama. Nina VVU, natumia dawa miaka sita. Mwezi uliopita nilipimwa wingi wa virusi nikaambiwa havionekani. Kanisani nikatoa ushuhuda, mtumishi akasema nimepona na nikiendelea kumeza dawa nitakuwa nimekosa imani. Kopo nimelificha kwenye debe la unga. Leo ni siku ya nane sijameza.*
*Mama wa watoto wawili, Mbeya*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huo. Mshukuru Mungu kwa majibu yale, ni majibu mazuri sana, na yanastahili ushuhuda. Lakini elewa yanavyosema. "Havionekani" maana yake dawa imevipunguza hadi mashine haivioni. Vichache vimejificha ndani ya chembechembe za mwili, vimelala, na dawa isipokuwepo huamka na kuzaana tena, kwa wengi ndani ya wiki chache. Ukiendelea vizuri na dawa hali hiyo inadumu, na huwezi kumwambukiza mwenzi wako kwa kujamiiana. Hiyo ndiyo neema uliyonayo mkononi.

Nilifanya kazi na muuguzi mmoja, mama wa kanisa hasa, aliyekuwa akiomba na wagonjwa kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la dawa. Hakuona ugomvi kati ya maombi yake na makopo aliyoyagawa. Mtumishi wako mwambie kwa heshima: "Niombee, nami naendelea kumeza." Akikukatalia hilo, mtafute mchungaji mwingine wa kukusikiliza, wapo wengi.

Kliniki nenda kesho, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Siku nane uzitaje zote nane, kwa sababu mhudumu ataamua kwa hesabu hiyo namna ya kukurudisha kwenye dawa na lini upimwe tena wingi wa virusi. Litoe kopo kwenye unga, lifute, ulibebe, mkavihesabu vidonge vilivyobaki pamoja.