Maswali yenu ya opsheni: bei inatoka wapi, na kinga inavunjikia wapi

Hivi watu wengi wakiamini hisa itapanda, si opsheni ya kununua inapaswa kuwa ghali zaidi?

Hapana ndugu yangu, na hapa ndo wengi wanakwama. Chukua hisa ya dola 100, mwisho wa mwezi itakuwa 120 au 90 hakuna kingine, riba weka sifuri. Opsheni inakupa haki ya kununua kwa 100, kwa hiyo hisa ikifika 120 unapata 20, ikishuka hupati kitu. Sasa mimi niliyekuuzia nanunua theluthi mbili za hisa kwa 66.67, katika hizo 60 nimekopa. Ikipanda kipande changu kinakuwa 80, nalipa deni 60, inabaki 20 nakukabidhi wewe. Ikishuka kipande kina thamani ya 60, deni 60, ngoma droo na wewe hudai kitu. Mfukoni nimetoa 6.67 tu, basi bei ya opsheni ni hiyo hiyo. Umeona mahali nimeuliza uwezekano wa kupanda? Sijauliza kabisa, manake hiyo imani ya watu ishaingia kwenye bei ya hisa yenyewe. Mtu akikubali kuinunua kwa 8, namuuzia, najikinga hivyo hivyo, na 1.33 inabaki kwangu hisa iende itakako. Kwangu mimi hili ndo jambo zuri kuliko yote kwenye somo hili, bei ya opsheni ni gharama ya kujikinga nayo, basi.

Na ile fomula ya Black-Scholes ya kukokotoa bei ya opsheni inaingia wapi?

Ni wazo hilo hilo, ila badala ya hatua moja unajikinga kila sekunde. Ilichapishwa 1973, mwaka ule ule soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa. Inataka vitu vitano: bei ya hisa, bei ya kutekeleza (ile uliyopewa haki ya kununulia, kama 100 hapo juu), muda uliobaki, riba na mtikisiko wa bei. Vinne unaviona, cha tano unakisia, na biashara nzima ya opsheni ni ubishi juu ya hicho cha tano.

Nimeuza opsheni, najikinga na delta vizuri tu, mbona kila nikirekebisha napoteza?

Pole, lakini hujakosea. Tuseme umeuza opsheni za kununua hisa 100, delta ni 0.5, yaani hisa ikipanda dola moja opsheni inapanda senti 50, kwa hiyo unashika hisa 50. Bei inatoka 100 inaenda 104, delta inakuwa 0.6, unaongeza hisa 10 kwa 104. Kesho yake bei inarudi 100, unaziuza zile 10 kwa 100, dola 40 zimekwenda na soko liko pale pale lilipokuwa. Hiyo ndo gamma, yaani delta inavyobadilika bei ikisogea, ukiwa muuzaji unanunua juu unauza chini kila mara. Kinachokulipa ni muda, kila siku ikipita ile opsheni uliyouza inapungua thamani, so angalia kama soko linatikisika kidogo kuliko mtikisiko uliokisia ulipoweka bei ya opsheni, hapo unapata faida, likitikisika zaidi unaumia hata kama hesabu zako za delta ni safi.

Bei ikiruka ghafla je?

Hapo fomula inaishiwa nguvu, yenyewe inadhani bei inapita kila hatua na wewe utapata nafasi ya kuuza njiani. Tarehe 19 Oktoba 1987 Dow Jones, kipimo cha bei za hisa kubwa za Marekani, ilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Mifuko mingi ya uwekezaji ilikuwa na kinga ya kuuza kadiri soko linavyoshuka, sasa wote wakataka kuuza kwa pamoja na wanunuzi hakuna, kinga yenyewe ikazidi kusukuma bei chini. Toka hapo opsheni za kuuza (zinazokupa haki ya kuuza hisa) zenye bei ya kutekeleza ya chini sana zikawa ghali kuliko fomula inavyosema, na zimebaki hivyo. Ushauri wangu, ukiogopa mruko usitegemee hisa peke yake, nunua na opsheni nyingine yenye bei ya kutekeleza iliyo mbali na bei ya sasa ikukinge, inakula faida yako ndio, lakini inafanya kazi hata kama bei imeruka umelala.

Mnunuzi anaweza kupoteza zaidi ya alicholipia opsheni?

Hawezi. Muuzaji wa opsheni ya kununua asiye na hisa mkononi ndo hasara yake haina kikomo.