Wadau wasio na dau

Msomaji anayeandaa taarifa kuhusu intaneti na maendeleo ya Afrika ameniuliza aandike "utawala wa intaneti", "usimamizi wa intaneti" au "uongozi wa intaneti", kwa kuwa ameyakuta yote matatu yakitumika kwa maana moja. Amenitolea na mfano kutoka katika rasimu yake: "Wadau mbalimbali wanapaswa kushirikishwa katika utawala wa intaneti ili kuleta maendeleo barani Afrika." Nitamjibu swali lake kwa ufupi, maana kilichoniudhi katika sentensi hiyo sicho alichokiuliza.

"Uongozi" auweke kando, kwani kiongozi hutangulia na wengine wakamfuata, na intaneti haina wa kutangulia. "Utawala" umetokana na kitenzi "tawala", chenye asili ya Kiarabu, na humtaka mtawala na mtawaliwa. Hapa mtawala ni nani? Majina ya tovuti duniani huratibiwa na shirika la ICANN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1998; namba za anwani zinazotambulisha mitambo kwenye intaneti, kwa bara letu, hugawiwa na shirika la AFRINIC, lenye makao yake Mauritius; kikoa, yaani mkia wa jina la tovuti, cha .ke cha Kenya kina wasimamizi wake na cha .tz cha Tanzania kina wake. Kila mmoja amesimama penye kipande chake, na ndiyo maana "usimamizi", uliotokana na "simama" letu la Kibantu, unakaa vizuri zaidi. "Utawala" nauvumilia, kwa kuwa umekwisha kuenea na kuung'oa ni kazi ya ujana ambao sinao tena. Ningependa tu uhifadhiwe kwa siku kama zile za uchaguzi wa Uganda, Januari 2021, serikali ilipoizima intaneti nchi nzima. Siku hizo kweli ilitawaliwa.

Sasa tuwageukie hao "wadau mbalimbali".

Mdau ni mwenye dau, na dau ni kile anachokitoa mchezaji akakiweka katikati, akijua kwamba anaweza kukikosa. Neno lilipoundwa lilikuwa kali na lenye manufaa: lilimtenga aliye na cha kupoteza na aliyekuja kutazama. Leo limekuwa jina la yeyote aliyealikwa kwenye ukumbi na kupewa kalamu na daftari. Waandishi nao, kana kwamba wamehisi kuwa neno limepoa, wakalichochea kwa "mbalimbali", ambalo haliongezi chochote. Wadau wakiwa zaidi ya mmoja, bila shaka ni mbalimbali. Na kwa jinsi wanavyotajwa bila majina, wako mbali kwelikweli, tena mara mbili.

Tuirudie sentensi ya msomaji wangu, maana haijamaliza makosa yake. Wadau hao "wanapaswa kushirikishwa". Na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na mtenda huyo ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi. Kama wadau wote wanasubiri kushirikishwa, basi anayewashirikisha si mdau, na kama naye ni mdau, basi anasubiri kujishirikisha mwenyewe. Mwandishi alitaka kusema kwamba serikali iwasikilize wananchi na kampuni kabla ya kutunga sheria za intaneti, lakini kalamu ikakwepa kuitaja serikali.

Msomaji asidhani kwamba nachezea maneno tu. Mwaka 2000 watoa huduma za intaneti nchini Kenya walijenga jijini Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe inayotoka ofisi moja kwenda ya jirani isilazimike kupanda kwenye satelaiti, kutua ng'ambo na kurudi kwa gharama kubwa. Kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, mamlaka ya udhibiti ikaamuru kituo kifungwe muda mfupi baada ya kufunguliwa, na mvutano ukaendelea hadi kilipofunguliwa tena mwaka 2002. Hapo kila mmoja alikuwa na dau lake, na madau hayakufanana: watoa huduma waliweka fedha na mitambo, kampuni ilihofia mapato yake, mamlaka ilikuwa na sheria ya kulinda, na mtumiaji, ambaye hakuitwa popote, ndiye aliyekuwa akilipa. Msimulie mtu kisa hicho kwa lugha ya rasimu ile: "Wadau mbalimbali walikabiliwa na changamoto mbalimbali." Kituo kimetoweka, aliyekifunga ametoweka, na gharama ya kufungwa kwake imekuwa "changamoto", kama mvua.

Wataalamu wenyewe hawakuona haya kuwataja watu kwa kazi zao. Kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kilipotoa fasili ya usimamizi wa intaneti mwaka 2005, kilitaja serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia, kila upande kwa nafasi yake. Orodha hiyo ni ndefu kuliko "wadau" kwa maneno machache tu, na msomaji akishaisoma anajua wa kumdai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, andika: "Serikali za Afrika zisikilize kampuni za mawasiliano, mafundi wa mitandao na watumiaji kabla ya kutunga sheria za kusimamia intaneti." Na kama unayo maendeleo mahususi akilini, iwe ni bei ya data au shule kuunganishwa, yataje pia, kwa kuwa "kuleta maendeleo" hakujambeba mtu bado. Mhariri wako akishikilia kwamba lazima wadau wawemo, mwachie hao wadau. Pigania "mbalimbali" tu iondoke.