Jibu: Kwa nini mgonjwa wa sukari apewe dawa ya kolesteroli?

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini mama, mwenye kisukari tu, ameandikiwa statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, ilhali moyo haumsumbui, na kama korosho ndizo zilizomponza. Sukari ikizidi kwa miaka, huharibu utando wa ndani wa mishipa. Kolesteroli aina ya LDL, ile iitwayo "mbaya", hupenya kwenye kuta za mishipa hiyo, seli za kinga huimeza hadi zikajaa mafuta, na njia ya damu huzibwa taratibu, bila maumivu yoyote. Statini huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli kwenye ini, nalo, likipungukiwa, huongeza vipokezi vya kuinasa LDL kutoka kwenye damu, vipokezi ambavyo kuvigundua kuliwapatia wanasayansi Brown na Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Korosho msizisingizie: kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama, ingawa zenye chumvi nyingi ningemshauri azipunguze.