Walimu wa sanaa Bagamoyo na walichoacha

Kaka, umeuliza walimu wa sanaa hapa Bagamoyo wamefanya nini cha maana. Anza na marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa, siku hizi TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Alitoka Dodoma na zeze na ilimba, vile vyuma vyembamba juu ya kisanduku cha mbao, vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kizungu hakukihitaji: aliimba Kigogo na Ulaya ikamsikiliza. Alifariki 2003, ila kazi haikulala. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, The Zawose Queens, walitoa albamu kupitia Real World, lebo ya muziki ya Uingereza. Zamani wanawake hawa walikuwa waitikiaji, leo ndio wanaongoza! Wasikilize leo hii, tafadhali.